UZI: Sanaa ya pembezoni kwenye kuta za Mbeya, Iringa na Tunduma: uji wa ngano, magunia, ruhusa na haki ya mwenye sura

#1 UkutaWaNje

Wakuu, habari za jioni. Kila kiangazi kikikaribia mtu huibuka humu kuuliza namna ya kuandaa maonyesho kuhusu makuli, wapiga debe, mama lishe wa stendi, watu wenye ualbino au vijana wa mpakani. Majibu huwa yaleyale: tafuta ukumbi, tafuta mfadhili. Nafungua uzi huu ili mambo ya mikono yakae sehemu moja.

Msimamo wangu nautoa mapema, anayepinga apinge. Kazi inayohusu mtu aliyesukumwa pembeni, ikitundikwa mahali ambapo mtu huyo hafiki, inamsukuma mara ya pili. Kwa hiyo nazungumzia kuta za nje tu: mitaa ya nyuma ya soko la Mwanjelwa, maghala ya jirani na reli, vibanda vya Uyole, barabara inayokusanya foleni ya malori Tunduma.

Nianze na karatasi, maana ndiyo rahisi kwa bei na ndiyo inayoharibika kwa uzembe.

Karatasi: ya ploti, gramu 80, ileile wanayochapia ramani za majengo. Usichukue nene ukidhani itadumu. Nene haikubali kufuata matuta ya ukuta, inabanduka kwenye kona. Karatasi ya A0 ni sm 84.1 kwa 118.9. Sura moja kubwa ukiigawa safu 4 kwa 4, yaani karatasi 16, na kila kiungo kikapandana sm 2, unapata takriban mita 3.3 kwa 4.7. Picha ya kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 inatosha kabisa. Inakwenda kwenye nukta 32 hivi kwa inchi, na kuanzia mita 3 jicho halioni punje. Anayekuambia lazima nukta 300 anafikiria kadi ya harusi.

Kabla ya kuchapa zote, chapa kipande kimoja, kilowanishe kwa kidole, kisugue. Wino ukitiririka, mashine hiyo haifai. Ya tona haitiririki. Baadhi ya ploti za wino zinatumia mweusi usiotoka lakini rangi zinatoka, ndiyo maana wengi hubaki na nyeusi na nyeupe.

Uji wa lita 2: unga wa ngano mweupe gramu 300, maji baridi nusu lita, koroga hadi madonge yaishe. Chemsha maji lita moja na nusu pembeni, mimina mchanganyiko taratibu huku unakoroga, acha kwenye moto mdogo dakika 5 hadi 8 mpaka utoke weupe wa maziwa uwe unang'aa kidogo. Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, ila wanga wa ngano unaiva chini ya nyuzi 70, kwa hiyo hakuna kisingizio cha baridi. Ukipoa, chuja kwa kipande cha chandarua, ongeza gundi nyeupe ya maseremala sehemu 1 kwa 10. Sura hiyo ya karatasi 16 inakula lita 5 au 6 kwenye plasta, na zaidi kwenye tofali za kuchoma zisizopigwa lipu. Uji ukichacha nguvu inashuka, usipike wa siku tatu.

Kubandika: sugua ukuta kwa brashi ngumu, ondoa vumbi, ulowanishe kwa uji mwepesi. Ukishakauka kidogo, paka uji kamili, weka karatasi kavu kuanzia juu kushuka, kandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, kisha paka uji tena juu yake. Karatasi ikinywa maji hutanuka. Ukiiacha moja imelowa dakika kumi na nyingine dakika moja, pua haitakutana na pua. Kila karatasi ipewe muda uleule.

Anza saa tatu asubuhi umande ukiisha, maliza saa nane mchana ili ikauke kabla ya ukungu wa jioni. Juni na Julai kukauka ni kwa shida. Agosti na Septemba jua zuri ila upepo na vumbi. Novemba hadi Aprili usijisumbue.

#2 Mpakani_Kwetu

Mkuu, ngano tunakula, wewe unapaka ukutani 😀. Swali la kweli: kwa nini usichapishe bango la fleksi (ile plastiki nzito ya matangazo) ukamaliza kazi? Tunduma upepo na moshi wa malori, karatasi wiki mbili imekwisha.

#3 FundiBango

Fleksi ina kazi yake, ila watu wengi hawajui upepo. Nikupe hesabu. Bango la mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba. Upepo wa mita 15 kwa sekunde, ambao kwa nyanda hizi si wa ajabu, unasukuma karibu kilo 13 hadi 16 kwa kila mita ya mraba ikigonga bango uso kwa uso. Zidisha kwa 12 unakaribia kilo 200. Bango lenyewe lina kilo 5 na kidogo kama ni la gramu 440 kwa mita ya mraba. Hivyo anayelipima kwa uzito wa mkononi na kulifunga kwa misumari minne ya kona anaomba lichanike.

Fanya hivi. Pindo la sm 5 kuzunguka pande zote, lishonwe si kugundishwa tu, ndani ya pindo pitisha kamba. Ringi za chuma kila sm 50, kwa bango hilo ni 28. Usifunge kamba moja kwa moja kutoka ringi hadi ndoano. Katikati weka mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, unyooke upepo ukija na kurudi. Ile tabia ya kutoboa matundu ya nusu mwezi ili upepo upite inasaidia kidogo sana na inaanzisha mpasuko. Achana nayo. Dawa ni kulibana lisipepee, maana linalopepea ndilo linalojikata lenyewe kwenye ringi.

Na kuna jambo ambalo fleksi inalo na karatasi haina: baada ya maonyesho inabaki turubai. Msanii Mfaransa anayeitwa JR mwaka 2009 alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kiasi cha mita za mraba 2,000, kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa pale. Alitumia vinaili isiyopitisha maji, hivyo picha ikawa kinga ya mvua kwa wenye nyumba. Huo ndio uzito wa ile kazi kwa maoni yangu, kuliko ule uzuri wa kuonekana kutoka juu. Ukipanga kazi Tunduma, amua mapema bango litakwenda kwa nani, kata saizi inayofaa kibanda chake. Mita 3 kwa 4 inafunika genge. Mita 1 kwa 9 haifuniki kitu.

#4 dada_wa_Sinde

Naomba niingilie kwenye kupiga hizo picha kabla hamjafika kwenye kuchapa, maana hapo ndipo utu wa mtu hupotea.

Ngozi nyeusi sana. Kamera ikiachwa ijipimie mbele ya ukuta mweupe wa chokaa, inaufanya ukuta uwe wa kijivu na uso unazama, macho na meno tu ndiyo yanabaki. Halafu mchapishaji naye anaongeza wino. Pima mwanga kwenye shavu lenyewe kwa kipimo cha doa (kinachopima sehemu ndogo tu ya picha), hifadhi faili ghafi (RAW), weka kitu cheupe upande wa kivuli. Kiroba cheupe kilichofunguliwa na kubanwa kwenye fremu ya mbao kinatosha. Kwa karatasi ya ploti inua vivuli zaidi ya unavyoona kwenye skrini kwa sababu uji ukikauka picha inatiwa giza kidogo.

Kinyume chake kipo pia na ni halali kikiwa cha makusudi. Mpiga picha Zanele Muholi wa Afrika Kusini, kwenye mfululizo wake wa kujipiga picha mwenyewe uitwao Somnyama Ngonyama, anaongeza utofauti wa mwanga hadi ngozi inakuwa nyeusi tititi, na weusi huo ndio hoja. Tofauti ni nani ameamua. Muholi anajitia giza mwenyewe. Wewe ukimtia giza mpiga debe kwa sababu hujui kupima mwanga, hiyo si hoja.

Watu wenye ualbino. Hapa sitanii. Wengi wana uoni hafifu, macho huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali unawaumiza. Kwa hiyo: usipige juani, usipige flashi ya uso kwa uso, usimwambie "tuliza macho". Kaa naye kwenye kivuli cha upenu, asubuhi kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi na nusu, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Kofia na mikono mirefu asivue kwa ajili ya picha yako. Ukimpiga pamoja na ndugu yake mweusi, pima kwa uso mweupe, kisha mwinulie mweusi mwanga kwa kile kiroba. Ukifanya kinyume uso mweupe unaungua na hakuna programu itakayourudisha.

Muhimu kuliko mwanga: usiandike kijiji, usiache alama ya mahali ndani ya faili, usionyeshe mlango wa nyumba, mlima unaotambulika nyuma yake wala sare ya shule ya mtoto. Watu wameuawa na kukatwa viungo nchi hii, mikoa yetu haikusalimika. Ukishaweka sura ya mita nne ukutani, anayeuliza "huyu anakaa wapi" hatakuuliza wewe.

#5 Kijana_Soweto

Asanteni, ndaga fijo. Ila mimi naona picha kubwa za sura zimeshakuwa kama mabango ya kampeni. Kila mtu ni sura, sura, sura. Unapita unaona mtu anakuangalia, basi. Usanii uko wapi?

#6 UkutaWaNje

@Kijana_Soweto hoja nzuri, na kuna sababu nyingine ya kuiogopa sura. Sura ya mbele, msitari mmoja, zote saizi moja, chini jina la kabila: huo ulikuwa mtindo wa wapimaji wa kikoloni. Walipiga mbele na ubavu, wakapima mafuvu. Kwetu si mbali. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, Ujerumani ilitakiwa ilikabidhi, na likarudi Kalenga mwaka 1954 tu. Mtu akipanga Iringa safu ya nyuso na maandishi "Mhehe, Mbena, Mkinga", hajui anakanyaga wapi.

Namna za kuvunja mpangilio huo bila kuacha picha: mwache mwenye sura achague asimame vipi, piga mikono, mgongo wenye mzigo, vifaa vyake, kisha maandishi yawe yake. Msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa 1954 aliyepata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, ana kazi ya 2004 yenye sanamu bapa 100 za mbao zilizopakwa rangi, ukubwa wa binadamu. Ni watumishi Waafrika waliopelekwa Ulaya. Kila mmoja ana jina lake na lile alilopachikwa, na kazi aliyoijua na ile aliyolazimishwa. Unatembea katikati yao, mmoja mmoja. Umati huo unafanya kile ambacho sura moja ya mita nne haiwezi.

#7 Seremala_Mafinga

Hizo sanamu bapa zinafaa sana stendi, kwa hiyo nitoe vipimo.

Plaiwudi milimita 12, shiti ya futi 4 kwa 8. Mtu mzima anakaa ndani ya upana wa sm 60, hivyo shiti moja inatoa watu wawili ukichora mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini. Shiti ina uzito wa kilo 20 hivi, mtu mmoja akishakatwa anabaki na kilo 7 hadi 8. Kata kwa jigso ya meno madogo, upande mzuri ukiwa chini, la sivyo unachanika nyuzi. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) usiiguse kwa kazi ya nje, ikipata umande kingo zinavimba kama mkate.

Plaiwudi ya paini iliyotoka kiwandani juzi bado ina unyevu. Ilaze sehemu yenye hewa wiki mbili juu ya vipande vya mbao, na paka pande zote mbili sawa. Anayepaka mbele tu, nyuma akaacha wazi, atapata mtu aliyejikunja kama anaumwa tumbo. Kingo zipake mara tatu, maji yanaingilia hapo.

Mguu wa nyuma: pembetatu ya sm 60 chini kwa 90 juu, bawaba mbili, na juu ya kitako mfuko wa mchanga wa kilo 10. Kwenye zege la stendi usipige msumari, fundi wa halmashauri atakufuata. Stendi ya basi kuna msukumano, acha mita 1.2 kati ya sanamu na sanamu ili mwenye begi kichwani apite.

Rangi ya mafuta ya kawaida inatosha. Mchoraji Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alianza na rangi ya baiskeli kwenye hadibodi, na kazi zake zipo hadi leo.

#8 SindanoYaGunia

Mimi nimtetee Kijana wa Soweto kwa njia nyingine: toeni sura kabisa, wekeni gunia. Msanii Ibrahim Mahama wa Ghana anafunika majengo mazima kwa magunia ya juti yaliyobeba kakao kisha mkaa. Venisi 2015 alifunika njia ndefu yenye kuta pande mbili. Hayanunui kama takataka, anabadilishana: anawapa wafanyabiashara magunia mapya, anachukua makuukuu yenye viraka, mihuri na majina. Mwili wa kuli uko pale, bila uso wake.

Huku kwetu gunia lina hadithi yake tayari. Lumbesa. Gunia la viazi la Mbeya, Njombe au Makete likishajaa linaongezwa kilemba juu kwa wavu na kamba, mkulima analipwa gunia moja, kuli anabeba zaidi ya gunia. Sheria ya vipimo inakataza, kilemba kinaendelea. Ukilitundika gunia la lumbesa tupu, lile eneo la kilemba lenye mshono wa kamba linaonekana bila maelezo.

Vitendo sasa.

Aina mbili, msichanganye kwenye kitambaa kimoja. Juti, yale ya kahawa ya Mbozi, na viroba vya plastiki. Viroba ni vyepesi na vina rangi nzuri, ila jua la mwinuko huu linavila, miezi michache vinaanza kumeguka vumbi la plastiki. Kwa maonyesho ya wiki tatu sawa. Juti inavumilia jua zaidi lakini inakunywa maji.

Gunia la juti lenye upana wa sm 70 na urefu wa mita 1, ukifumua mshono wa ubavu na wa chini, unapata kipande cha mita 1.4 kwa 1. Ukitoa mishono ubaki na mita za mraba 1.3. Ukuta wa mita 10 kwa 5 unahitaji 39, chukua 45. Kavu ni kilo 30 na kitu. Yakilowa hesabu mara mbili au zaidi. Anayening'iniza kwenye kenchi ya ghala bovu apime kwa uzito wa mvua.

Kabla ya kushona: yapige nje, upande upepo unakokwenda pasiwe na watu, na mvae barakoa. Yana vumbi, mabaki ya viuatilifu vya ghalani na fukusi. Yafungeni ndani ya nailoni nyeusi juani siku kadhaa, yafunguliwe jioni unyevu utoke. Usifue, mihuri na maandishi ndiyo kazi yenyewe.

Kushona: sindano ya gunia, uzi wa nailoni, pande zipandane sm 4, mshono wa kwenda na kurudi. Shona vipande vya magunia 6 au 8 ardhini kwanza, kisha unganisha vipande. Ukishona yote pamoja hamtaweza kugeuza. Juu weka mkono wa kupitishia bomba la chuma la inchi moja na nusu, shikilia bomba kila mita 1.5. Uzito ukae kwenye bomba, usikae kwenye uzi.

Moto. Juti inawaka haraka sana. Palipo na majiko ya mama lishe usishushe chini ya mita 2.5. Ndani ya jengo nyunyizia boraksi gramu 70 na asidi ya boriki gramu 30 kwa lita ya maji ya moto, loweka hadi itiririke, kausha. Nje haisaidii, mvua ya kwanza inaisafisha. Na usimwache mtu avute sigara nyuma ya kitambaa, hata kama ndiye mwenye ghala.

Mabadilishano yafanywe hadharani: gunia jipya kwa kuukuu, na aliyelibeba naye apewe chake. Mwenye duka ataridhika na gunia jipya. Kuli gunia jipya halimhusu, mlipe ujira wa siku yake.

#9 Mpakani_Kwetu

Hii ya lumbesa imenikaa. Kwa Tunduma naona madumu. Petroli, mafuta ya kupikia, kila kitu kinavuka na dumu.

#10 SindanoYaGunia

Umepatia. Msanii Romuald Hazoumè wa Benin alifanya hivyo kwa madumu ya wanaovusha petroli kutoka Nigeria. Kazi yake La Bouche du Roi ina vinyago 304 vya madumu vilivyopangwa kwa umbo la ule mchoro maarufu wa meli ya watumwa, na Makumbusho ya Uingereza iliinunua. Mdomo wa dumu ni mdomo, mshikio ni pua.

Ila sikiliza: dumu lililokaa petroli likiwa tupu ni hatari kuliko likijaa, kwa sababu mvuke umebaki. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, liache wazi juani, na wakati wa kukata lijaze maji hadi karibu na mstari wa kukata. Kisu au msumeno wa mkono. Kisu cha kuchoma kwenye jiko na grainda ni marufuku. Maji ya kuoshea usimwage mtaroni.

#11 Karani_wa_Mitaa

Nimesubiri mtu aseme ruhusa, naona mnaendelea na gundi tu. Fuateni mlolongo huu.

Mwenye ukuta kwanza, kwa maandishi, hata mistari minne: nani, ukuta upi, tarehe ya kuweka, tarehe ya kutoa, nani anapaka rangi baadaye. Mpangaji si mwenye ukuta.

Kisha serikali ya mtaa, mwenyekiti na mtendaji, barua yenye mchoro wa saizi na nakala ndogo ya picha. Ofisi ya utamaduni ya halmashauri. BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), ambayo ipo kwa sheria ya 1984, kwa shughuli yenye hadhira na kiingilio au msanii kutoka nje. Ulizia mapema.

Tozo ya mabango: ukiweka nembo ya mfadhili kwenye picha, umegeuza kazi kuwa tangazo na mtoza ushuru ana haki ya kusimama mlangoni. Nembo zikae kwenye karatasi ndogo ya maelezo, ukutani pasiwe na hata moja.

Barabara kuu ya Tanzam: hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Chochote unachosimika ndani ya hapo ni suala la TANROADS, wakala wa barabara, si la mwenyekiti wa mtaa. Ukuta wenye alama ya X unaweza kuvunjwa na kazi yako ikiwa juu yake. Kwa kazi ya pembezoni huenda ndio ukuta unaoutaka, lakini mwenye nyumba yuko kwenye mgogoro, usimwongezee.

Reli ni mali ya nchi mbili, Tanzania na Zambia. Mkuu wa stesheni akikubali kwa mdomo haitoshi, barua iende kwa menejimenti ya TAZARA, mamlaka ya reli hiyo. Na Tunduma msielekeze kamera kwenye majengo ya forodha, uhamiaji wala kwa askari bila kibali. Hapo kamera inachukuliwa.

Mwenye sura naye. Tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Fomu iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma. Iseme mambo matano: picha itawekwa wapi, saizi gani, kwa muda gani, kama itaingia mtandaoni, na namna ya kuitoa akibadili mawazo. Visanduku viwili tofauti kwa ukutani na mtandaoni. Wengi watakubali ukutani wakakataa mtandaoni, nao wana akili. Mtoto, mzazi au mlezi asaini, na mtoto mwenyewe aulizwe.

#12 dada_wa_Sinde

Niongeze kwenye ya Karani: mwonyeshe mtu picha kwa ukubwa, si kwenye simu. Tandaza karatasi zake mbili za A0 chini, eneo la macho na mdomo. Mtu aliyekubali picha ya simu hushtuka akiona jicho lake sawa na sufuria. Akishtuka hapo, bado hujapaka uji.

#13 Mpakani_Kwetu

Na video je? Msanii wa Tanzania Rehema Chachage anafanya sana video na usimikaji kuhusu ugeni na mizizi ya familia, ningependa kitu cha aina hiyo usiku, ukutani.

#14 FundiBango

Projekta ya lumeni 3,000, picha ya upana wa mita 3, inakupa mwanga wa karibu laksi 590 ukutani. Ukivuta hadi mita 4 zinashuka hadi 330 hivi. Kwenye tofali nyekundu au udongo robo tu ya mwanga ndiyo inayorudi, kwa hiyo piga chokaa eneo la picha kwanza, mara mbili. Anza baada ya saa moja na nusu usiku, zima au funika taa ya mlinzi inayoangalia ukuta. Jenereta ikae mita 25 mbali na nyuma ya kitu, maana sauti yake itakula maneno ya video. Tumia waya mnene, wa milimita za mraba 2.5, projekta isizimike umeme ukishuka. Kiangazi kuna vumbi, chujio la projekta lisafishwe kila usiku.

#15 Kijana_Soweto

Mbuzi wamekula kona ya chini ya karatasi kwa jamaa wa Iganzo 😀 Nimesikia ukiweka mrututu (salfeti ya shaba) kwenye uji wadudu na wanyama hawagusi?

#16 UkutaWaNje

Mrututu unazuia ukungu ni kweli, lakini ni sumu. Kondoo hasa hudhurika haraka na shaba, na mbuzi hatajua kwamba hautakiwi kulambwa. Watoto nao wanalamba kuta. Usitie. Mbuzi wanapenda ule wanga, hivyo inua mwanzo wa picha hadi mita 1.5 kutoka ardhini. Chini hapo paka chokaa au acha wazi watu waegemee. Ukilazimika kufika chini, mita ya mwisho tumia gundi nyeupe na maji, 1 kwa 2, bila ngano.

Kona zinazobanduka baada ya siku mbili: ukuta ulikuwa na chokaa ya unga au rangi ya mafuta. Ya unga, pitisha kwanza gundi nyeupe na maji 1 kwa 4, iache ikauke kabisa. Ya mafuta, sugua kwa msasa namba 80 na sabuni. Malengelenge katikati, toboa kwa pini, sukuma hewa, paka uji juu.

#17 Karani_wa_Mitaa

Na kutoa?

#18 UkutaWaNje

Maji ya uvuguvugu kwa bomba la kunyunyizia dawa, mara mbili, subiri dakika 20, anza juu kwa kikwangua kipana, karatasi inashuka vipande vikubwa. Usivute kavu, inaondoka na plasta. Mabaki ya uji yaoshwe siku hiyohiyo kwa brashi na maji, yakibaki yanaota ukungu mweusi mvua ikianza na mwenye ukuta hatatoa tena. Uliyetia gundi nyingi utakwangua zaidi, ndiyo bei yake.

Kabla ya kulowanisha mwite mwenye sura. Kama anaitaka, kata kipande anachokitaka wakati bado kikavu pale kinapobanduka, au mpe chapa ya A2 kwenye karatasi nzuri, ambayo uliichapa siku ileile ya zile 16. Zile za fleksi na magunia zigawiwe kwa orodha iliyobandikwa tangu siku ya kwanza, majina yaonekane, ili asije mtu wa ofisini akapakia kwenye pikapu.